Kutoka Mirongo hadi Kyaka: Safari ya Kutazama Madaraja ya Kanda ya Ziwa

Jumatatu: Mwanza mjini

Madhumuni ya safari hii ni kuyatazama madaraja ya pwani ya Ziwa Victoria kwa kuuliza swali moja kila tunapofika penye maji: mzigo unaopita juu unafikaje ardhini? Ninasafiri na mpwa wangu, mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi, ambaye daftari lake limejaa michoro ya madaraja ya ng'ambo, ilhali hajawahi kusimama chini ya daraja lolote la kwao na kulitazama kwa utulivu. Mimi ni fundi sanifu wa barabara, na kwa muda mrefu nimeamini kwamba umbo la daraja huamuliwa kwanza na ardhi na maji ya mahali, kisha na pesa, na mwisho kabisa na mhandisi mwenyewe.

Tumeanza na Mto Mirongo, unaokatiza katikati ya jiji kabla ya kuingia ziwani. Ni mto mfupi, lakini mvua kubwa ikinyesha kwenye vilima vya mawe, ambavyo havinywi maji, hufurika kwa muda mfupi sana. Mahali pengi ambapo barabara ndogo huvuka vijito na mitaro ya mjini hapana daraja kwa maana waliyoizoea watu. Pana kalvati, yaani bomba au sanduku la zege lililofukiwa ndani ya tuta. Uzito wa gurudumu husambaa kwenye udongo kadiri unavyoshuka, hata unapofika juu ya bomba unakuwa umetawanyika, na udongo wa pembeni hulibana bomba hilo lisitanuke kwa kusukumwa kutoka juu. Kwa sababu hiyo, anayeshindilia udongo wa pembeni kwa uzembe huliharibu kalvati hata kama zege lake ni imara. Adui wake mwingine ni takataka: mdomo ukiziba kwa chupa na matawi, maji hupanda, hupita juu ya tuta na kuanza kulila kutoka upande wa pili. Wapo wanaolidharau kalvati kwa kuwa halina sura ya kupigwa picha, lakini barabara nyingi za wilaya zetu husimama au kukatika kwa ajili yake.

Alasiri tulipanda upande wa Bugando, ambako nyumba zimejengwa kati ya majabali ya matale, na hapo tukaingia kwenye habari ya tao. Jiwe hustahimili sana kubanwa, ila ukilivuta au kulipinda huvunjika ghafla bila onyo. Tao ni njia ya kulitumia jiwe kwa nguvu yake na kuuficha udhaifu wake, kwa sababu kila jiwe hubanwa na majirani zake wawili, na uzito hufuata mviringo mpaka kwenye vitako vya kingo mbili, ambako husukuma chini na nje kwa wakati mmoja. Msukumo huo wa nje ndio gharama ya tao: vitako vikisogea hata kidogo, mawe huachana. Wakati wa ujenzi, tao lisilokamilika halina nguvu yoyote ya kujishika, hivyo kiunzi cha mbao hubeba mawe yote mpaka lile la kileleni likae mahali pake.

TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, imeyarudisha madaraja ya mawe katika barabara za vijijini, na yale ya Kigoma yamezungumzwa sana kwa unafuu wake, kwa kuwa jiwe linapatikana jirani na nondo hazihitajiki kwa wingi. "Mjomba, sasa kwa nini huku kwetu, kwenye mawe kila uani, hatuyaoni kila kona?" aliuliza mpwa wangu. Nilimweleza kwamba tao linahitaji kimo. Katika bonde lenye kingo za juu na ardhi ngumu linakaa vizuri, lakini katika tambarare tutakazoziona kesho barabara ingelazimika kupanda mlima wa bandia ili kulivuka, na mabega ya tao yangeyanyima maji nafasi wakati wa mafuriko.

Jumanne: Magu

Tulipanda basi katika stendi ya Nyamhongolo na kufika Magu mapema. Hapa Mto Simiyu, unaotoka pande za Serengeti, unaikaribia Ghuba ya Speke ukiwa umebeba mchanga mwingi. Wakati wa kiangazi mtu anaweza kudhani kwamba mto huu ni mkufu wa vidimbwi, lakini upana wa kitanda chake cha mchanga unamwonya. Daraja jipya la hapa limesanifiwa kwa urefu wa mita 150, katika mradi mmoja na daraja la Sukuma lenye mita 70, na yote mawili yapo kwenye njia kuu ya kutoka Mwanza kwenda Musoma na mpaka wa Sirari.

Mto wa namna hii ni mahali pa daraja la boriti, ambalo ndilo rahisi kuliko yote kulieleza. Boriti hulala juu ya nguzo. Gari likipita katikati, boriti hupinda, upande wake wa juu hubanwa na upande wa chini huvutwa. Zege hustahimili kuvutwa kwa takriban sehemu moja ya kumi tu ya linavyostahimili kubanwa, kwa hiyo nondo hulazwa chini ili zipokee mvuto huo. Njia bora zaidi kwa masafa marefu ni kupitisha nyaya za chuma kigumu ndani ya boriti, kuzivuta kwa jeki na kuzifunga ncha zake, ili zege lote liwe limekwisha kubanwa kabla gari la kwanza halijapita. Mzigo unapokuja kulivuta, unaanza kwa kupunguza ule mbano, na mpasuko hauonekani.

Nilimtaka mpwa wangu afanye hesabu pale pale kivulini. Ukiongeza umbali kati ya nguzo na nguzo mara mbili, bila kubadili boriti wala uzito wa kila mita, nguvu ya kupinda huongezeka mara nne, na kule kulegea kwa katikati huongezeka mara 16. Hapo ndipo boriti inapoishiwa. Unaweza kuinenepesha, lakini kila unene unaouongeza nao ni mzigo, na baada ya umbali fulani boriti hutumia karibu nguvu yake yote kujibeba yenyewe.

Mtu asiyeijua mito atasema: basi ziongezwe nguzo. Mto Simiyu hauruhusu jibu hilo jepesi. Kila nguzo inayosimama majini huyalazimisha maji kuizunguka kwa kasi, na kasi hiyo huchimba mchanga miguuni pake. Shimo huchimbwa mto ukiwa umejaa na kufukiwa tena maji yanapopungua, hivyo mkaguzi anayekuja wakati wa kiangazi huona mchanga umetulia na kuandika kwamba hakuna tatizo. Mwaka 1987, katika jimbo la New York nchini Marekani, daraja la Schoharie Creek lilianguka kwa sababu hiyo hiyo, maji ya mafuriko yakiwa yamekula udongo chini ya nguzo, na watu 10 wakafa. Kwa maoni yangu, katika mito yetu ya mchanga, pesa iliyopelekwa chini kwenye msingi ina maana kuliko ile inayoonekana juu, ingawa hakuna kiongozi anayekata utepe wa msingi.

Jumatano: Kisorya

Tulipita Lamadi na Bunda, tukavuka njiani mito ya Mbalageti na Grumeti, kisha tukashuka hadi Kisorya, ambako kivuko huenda Rugezi, upande wa Ukerewe. Mpwa wangu alisimama ufukweni akalitazama lango hili la maji, na jibu lake likawa tayari: daraja la kuning'inia, lenye minara miwili na kamba kuu iliyolegea katikati.

Sikumkatiza. Daraja la kuning'inia ndilo linaloruka mbali kuliko yote. Lile la Çanakkale nchini Uturuki, lililofunguliwa mwaka 2022, lina mita 2,023 kati ya mnara na mnara. Sitaha yake, yaani sakafu ambayo magari hupita, hutundikwa kwa nyaya za wima kwenye kamba kuu, kamba hupita juu ya minara, na minara hubanwa tu kuelekea chini. Tatizo liko kwenye ncha. Mvuto wote wa kamba hauna budi kushikwa na ardhi, na kwa hiyo kila upande huhitaji nanga ya zege au mwamba mkubwa usiosogea. Pia sitaha nyembamba iliyotundikwa ni nyepesi mbele ya upepo: daraja la Tacoma Narrows, lililokuwa na mita 853 katikati, lilijinyonga na kuanguka tarehe 7 Novemba 1940 katika upepo wa takriban kilomita 64 kwa saa, miezi michache tu baada ya kufunguliwa, na tangu hapo wahandisi hupima vielelezo vidogo vya madaraja hayo katika mahandaki ya kupulizia upepo kabla ya kujenga.

Kuruka mbali kuna thamani pale ambapo huwezi kusimamisha nguzo katikati, ama kwa sababu ya kina, ama kwa sababu ya meli kubwa. Ziwa Victoria ni pana sana lakini si la kina sana. Sehemu yake ya kina kirefu kabisa ina takriban mita 80, na karibu na pwani ni pungufu zaidi. Penye maji ya namna hiyo nguzo nyingi za kawaida ni rahisi kuliko nanga mbili za ajabu. Jambo la kuangaliwa zaidi ni kimo cha sitaha juu ya maji, kwa maana ziwa hili hupanda na kushuka. Mei 2020 lilivuka hata rekodi yake ya mwaka 1964, na gati nyingi za pwani zikafunikwa.

Alhamisi: Kigongo

Kutoka stendi ya Nyegezi tulikwenda hadi Usagara, tukakata kulia, na baada ya muda ghuba ikafunguka mbele yetu. Daraja la J.P. Magufuli, ambalo wengi bado huliita Kigongo–Busisi, linavuka Ghuba ya Mwanza kwa urefu wa takriban kilomita 3 na upana wa mita 28.45, likiunganisha wilaya za Misungwi na Sengerema. Ujenzi ulianza mwaka 2020, na Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua tarehe 19 Juni 2025. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari hulimaliza kwa muda usiozidi dakika nne, mahali ambapo foleni ya kivuko peke yake iliweza kumla msafiri saa mbili au zaidi.

Nilimzuia mpwa wangu asiitazame minara kwanza. Sehemu kubwa ya daraja hili, ukilitazama ukiwa ufukweni, ni ndugu wa lile tulilolieleza Magu: boriti za zege juu ya nguzo zilizopangwa kwa umbali wa mita 40 hivi, moja baada ya nyingine, kilomita na kilomita. Picha za magazeti huonyesha minara, lakini boriti hizi zisizo na umaarufu ndizo zinazokuvusha maji mengi zaidi. Minara mitatu iko kwenye sehemu ya kati tu, ambako umbali kati ya mnara na mnara ni mita 160, ili vyombo vya majini vipate lango la kutosha.

Sasa, kwa nini minara hii inaonekana mifupi, na nyaya zake zimelala kiasi hicho? Hilo ndilo jambo nililotaka alione. Katika daraja la nyaya la kawaida, kama lile la Kigamboni au lile la Jinja nchini Uganda lililofunguliwa mwaka 2018 likiwa na mita 290 katikati, mnara hupanda juu sana ili nyaya zishuke kwa pembe kali na kuiinua sitaha moja kwa moja. Kimo cha mnara juu ya barabara huwa karibu sehemu moja ya tano ya umbali wa katikati. Nyaya ndizo wabebaji, na sitaha inaweza kuwa nyembamba.

Daraja la Busisi ni la aina inayoitwa ekstradosi. Jina hilo lilipendekezwa na mhandisi wa Kifaransa Jacques Mathivat mwaka 1988, na daraja la kwanza la aina hiyo, la Odawara nchini Japani, lilikamilika mwaka 1994. Hapa kimo cha mnara juu ya barabara huwa karibu sehemu moja ya kumi tu ya umbali. Kwa kuwa nyaya zimelala, nguvu yake ya kuinua ni ndogo, na kazi yake kubwa ni kuibana sitaha kwa urefu, kama zile nyaya za ndani ya boriti tulizozitaja Magu, isipokuwa hizi zimetolewa nje na kupandishwa juu ya mnara ili zipate nafasi kubwa ya kufanya kazi. Sitaha yenyewe ni nene na ngumu, na hubeba sehemu kubwa ya uzito wa magari. Kwa hiyo lori likipita, mvuto ndani ya nyaya haubadiliki sana, na chuma kisichovutwa na kulegezwa mara kwa mara huchelewa kuchoka. Wasanifu huruhusiwa kuzivuta nyaya za ekstradosi kufikia takriban asilimia 60 ya nguvu yake ya mwisho, wakati zile za daraja la nyaya la kawaida huishia karibu asilimia 45.

Kwa maneno mengine, ekstradosi hukaa katikati ya boriti na daraja la nyaya, na inafaa zaidi pale ambapo umbali umeizidi boriti lakini haujafikia hatua ya kuhitaji minara mirefu. Mita 160 zinaangukia humo. Daraja la Tanzanite la Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 2022, ni la ukoo huo huo. Nimesikia mtu kwenye basi akilalamika kwamba kwa fedha zile wangejenga minara mirefu ya kupendeza. Mimi naona uamuzi ulikuwa wa busara, na hata kwa macho daraja hili linalala vizuri na ghuba, ambayo nayo ni ndefu na tambarare.

Ijumaa: Busisi

Tulilala upande wa Sengerema ili tulitazame daraja asubuhi, jua likiwa upande wa Mwanza. Karibu na palipokuwa mapito ya kivuko, mpwa wangu aliuliza sehemu ya kati ilijengwaje bila kiunzi kilichosimama majini. Madaraja ya aina hii hujengwa kwa kuanzia kwenye mnara na kwenda pande zote mbili kwa pamoja, kipande kwa kipande, kama mtu aliyebeba mzega wenye ndoo mbili, ambaye hawezi kujaza moja na kuiacha nyingine tupu. Kiunzi cha chuma kinachotembea hushikilia ukungu wa kipande kipya. Zege likishika, nyaya huvutwa, kiunzi husogea mbele, na kazi hurudiwa mpaka mkono wa mnara mmoja ukutane na mkono wa mnara wa pili. Wapimaji huwa na kazi ngumu wakati huo, kwa sababu mikono hushuka kwa uzito wake na hupinda kidogo kwa joto la jua, na kila kipande lazima kiinuliwe mapema kwa kiasi kitakacholegea baadaye.

Habari ya joto ilitupeleka mbali. Zege hurefuka kwa takriban milimita moja kwa kila mita 100 joto likipanda nyuzi moja. Daraja la kilomita 3, kama lingekuwa kipande kimoja, lingerefuka zaidi ya nusu mita kati ya baridi na joto linalotofautiana kwa nyuzi 20. Kwa hiyo sitaha ya daraja refu hukatwa kwa viungo vya kutanukia, ile mistari ya chuma inayolia chini ya matairi, na boriti hukalishwa juu ya mito ya mpira mgumu au beringi zinazoruhusu mwendo upande mmoja na kuuzuia mwingine. Viungo hivyo ndivyo huchakaa kwanza. Maji yanayovuja humo hushuka kwenye ncha za boriti na vichwa vya nguzo, mahali pasipoonekana kutoka barabarani, na nondo huanza kuliwa na kutu kimyakimya. Kama ningepewa nafasi ya kuagiza jambo moja kwa wanaolitunza daraja hili, ningewaambia wasafishe mifereji na viungo kabla ya kubadili taa.

Chini ya yote kuna nguzo za msingi 804, zilizochimbiwa katika sakafu ya ghuba. Nguzo ya namna hiyo hubeba mzigo kwa njia mbili: kwa ncha yake iliyofika penye ugumu, na kwa msuguano wa ubavu wake na udongo unaoizunguka. Matope laini ya ghuba hayasaidii sana kwa msuguano, kwa hiyo wachimbaji hawana budi kuyapita na kuutafuta mwamba.

Jumamosi: njiani kwenda Bukoba

Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba. Makalvati mengi, boriti fupi kadhaa, na mazungumzo machache. Mpwa wangu alilala.

Jumapili: Kyaka

Mto Kagera ndio mkubwa kuliko mito yote inayoingia Ziwa Victoria, na hapa Kyaka unapita kwa nguvu, wenye rangi ya udongo. Mwanzoni mwa Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalililipua daraja la mahali hapa ili kuwazuia Watanzania wasivuke kuelekea kaskazini. Wazee wa mji huu hawahitaji kuelezwa thamani ya daraja, na magofu ya kanisa lililoharibiwa katika vita hivyo bado yanaonekana.

Nilimleta mpwa wangu hapa ili tuzungumzie madaraja ya pembetatu za chuma, ambayo ndiyo hukimbiliwa daraja linapovunjika ghafla. Ukiunganisha vipande vinne vya chuma kwa pini kwenye kona, umbo hulala ukilisukuma. Ukiunganisha vitatu, haliwezi kubadilika bila kipande kimoja kurefuka au kufupika. Daraja lililoundwa kwa pembetatu nyingi huugawa mzigo ili kila kipande kibanwe au kivutwe kwa urefu wake, bila kupindwa, na chuma hutumika kidogo kwa nguvu kubwa. Boriti nzito hubeba zege la katikati ambalo halifanyi kazi yoyote ya maana. Pembetatu huliondoa hilo na kuacha nafasi tupu.

Mwingereza Donald Bailey aliligeuza wazo hilo kuwa vipande vya kubebeka wakati wa Vita Kuu ya Pili. Paneli moja ya Bailey ina urefu wa mita 3 na kimo cha mita 1.5 hivi, ina uzito wa takriban kilo 260, na hubebwa na watu sita. Paneli hufungwa kwa pini ukingoni, kisha daraja zima husukumwa juu ya magurudumu kuelekea ng'ambo, likiwa na pua nyepesi mbele ili lisipinduke kabla ya kufika. Mto ukiwa mpana au mzigo ukiwa mzito, paneli hupangwa mbili au tatu pembeni, au safu moja juu ya nyingine. Mikoa mingi ya Tanzania imewahi kuokolewa na madaraja ya vipande vya chuma ya namna hiyo baada ya mafuriko, na baadhi yake, yaliyowekwa kwa muda, yamezeeka yakiwa kazini.

Udhaifu wake uko kwenye maungio. Mwaka 2007, mjini Minneapolis, daraja la I-35W lilianguka mtoni na kuua watu 13. Ilibainika kwamba vibamba vya kuunganishia pembetatu vilikuwa vimesanifiwa kwa nusu tu ya unene uliohitajika, na uzito wa vifaa vya ukarabati vilivyorundikwa juu yake siku hiyo ukavishinda. Katika daraja la boriti nyingi, moja ikidhoofika, jirani zake huchukua sehemu ya mzigo. Katika daraja la pembetatu lenye pande mbili tu, kiungo kimoja kikikatika hakuna wa kukipokea. Mpwa wangu aliandika hilo, kisha akauliza ukaguzi huanzia wapi. Nilimjibu kwamba huanzia kwenye pini na vibamba, kwa nyundo na tochi, kabla rangi mpya haijapakwa juu ya kutu.